Wasiwasi na Usahaulifu wa Kila Siku miongoni mwa Wanafunzi wa Kike wa Mwaka wa Kwanza Chuoni

IKISIRI

Makala haya yanachunguza uhusiano uliopo baina ya wasiwasi na usahaulifu mdogo mdogo wa kila siku, hasa miongoni mwa wanafunzi wa kike wanaoanza masomo ya chuo kikuu nchini Kenya. Hoja yetu kuu ni kwamba usahaulifu huo aghalabu huwa ni ishara ya akili iliyolemewa, na kwamba kuuita uzembe ni kumwongezea mwanafunzi mzigo uleule unaomsahaulisha. Tunaanza kwa kuchanganua msamiati wa Kiswahili unaohusu wasiwasi na kusahau, kwa imani kwamba lugha yenyewe ina mengi ya kutufunza mintarafu ya suala hili. Kisha tunaeleza nadharia za saikolojia zinazohusika, tunatazama mazingira ya mwaka wa kwanza na ya mwanafunzi wa kike, tunaligusa darasa la Kiswahili, na mwisho tunatoa mapendekezo kwa wanafunzi na wahadhiri.

1.0 UTANGULIZI

Tumfikirie mwanafunzi wa kike aliyewasili chuoni majuma sita yaliyopita. Leo ana jaribio la kwanza la Isimu. Ameamka saa kumi alfajiri kudurusu, amepanga madaftari yake, na amefika mlangoni pa ukumbi robo saa kabla ya wakati. Ndipo anapogundua kwamba kitambulisho chake amekiacha juu ya kitanda. Anarudi mbio bwenini. Akiwa njiani anakumbuka kwamba hakumpigia mama simu kama alivyoahidi, na kwamba ile fomu ya kusajili kozi, ambayo siku yake ya mwisho ilikuwa jana, ingali imo ndani ya kitabu. Anaporejea ukumbini anatokwa na jasho, na dakika ishirini zimekwisha kwenda. Msimamizi anamtazama na kuuliza: "Wewe msichana, akili yako iko wapi?"

Mfano huu ni wa kubuni, lakini hakuna msomaji wa jarida hili ambaye hajaona mwenzake au mwanafunzi wake katika hali kama hiyo. Swali la msimamizi huulizwa kwa kukemea, na anayeulizwa hatarajiwi kujibu. Katika makala haya tunakusudia kulichukua kama swali la kweli. Akili ya mwanafunzi huyu iko wapi hasa? Kama imo kichwani mwake, ilikuwa ikifanya nini wakati mkono wake ulipokuwa ukikiacha kitambulisho kitandani?

Swali hili si dogo. Mwanafunzi anayeambiwa kila mara kwamba yeye ni mzembe huanza kuamini hivyo. Wapo wanaohitimisha kwamba chuo kikuu si mahali pao, wakaanza kukwepa mihadhara, kisha majaribio, na hatimaye wakarudi nyumbani kimya kimya. Kupotea kwa mwanafunzi wa namna hiyo huanza na mambo madogo kama ufunguo na kitambulisho.

2.0 UFAFANUZI WA DHANA

2.1 Wasiwasi na jamii yake

Kiswahili kina utajiri wa maneno yanayohusu hali hii. Tuna hofu, woga, wasiwasi, wahaka, fadhaa, taharuki na kiwewe. Katika mazungumzo ya Kenya tuna pia tumbojoto, neno ambalo limeingia hata katika magazeti. Maneno haya hayalingani kimaana. Hofu kwa kawaida huwa na kitu kinachoogopwa: mtu huhofu nyoka, huhofu adhabu. Woga hutajwa kama tabia ya mtu. Kiwewe na taharuki hudokeza kuvurugika kwa ghafla. Wasiwasi nao huelekea mambo ambayo hayajatokea na pengine hayatatokea kabisa. Mwenye wasiwasi hana nyoka mbele yake. Ana maswali tu. Je, nikianguka? Je, karo isipopatikana? Je, wakinicheka?

Asili ya neno hili inastahili kuzingatiwa. Wasiwasi limetokana na Kiarabu, ambako linahusiana na kunong'ona, yaani sauti ya chini inayomsemea mtu ndani kwa ndani. Tutaona katika sehemu ya tatu kwamba wataalamu wa saikolojia wa karne ya ishirini walifikia maelezo yanayokaribiana sana na taswira hiyo.

Katika saikolojia, Charles Spielberger na wenzake walitoa mwaka 1970 kipimo mashuhuri kinachotenganisha wasiwasi wa aina mbili. Upo wasiwasi wa hali, unaompata mtu kwa wakati fulani na kumtoka, kama ule wa kusubiri matokeo. Upo pia wasiwasi wa hulka, ambao ni mwelekeo wa kudumu wa mtu kuyaona mambo mengi kuwa ya kutisha. Kila aina hupimwa kwa kauli 20. Tofauti hii ni muhimu kwetu, kwa sababu mwaka wa kwanza waweza kumtia wasiwasi wa hali hata mtu asiye na hulka hiyo.

2.2 Kusahau na jamii yake

Kitenzi sahau nacho kina asili ya Kiarabu, na katika lugha hiyo maana yake iko karibu na kukosa kuzingatia. Waislamu wanaifahamu sijida ya kusahau, ambayo mwenye kuswali huifanya anapokosea au kutia shaka katika idadi ya rakaa. Inafaa tutambue kwamba hapa kusahau kumetazamiwa tangu mwanzo na kuwekewa namna ya kurekebishwa.

Jambo linalovutia zaidi ni jinsi sarufi yetu inavyogawa lawama. Tutazame sentensi hizi:

(a) Nimesahau kitambulisho.
(b) Nimeghafilika.
(c) Nimepitiwa.
(d) Jina lake limenitoka.

Katika (a) msemaji ndiye kiima na ndiye mtenda. Amesahau yeye mwenyewe. Katika (b) kitenzi kina kiambishi -ik-, na msemaji yumo katika hali fulani bila kutajwa aliyemtia humo. Katika (c) tuna mzizi -pit-, kiambishi -i-, kiambishi -w- na kiishio -a, yaani kauli ya kutendewa. Msemaji bado ni kiima kisarufi, lakini kimaana yeye ni mtendewa: kuna kitu kilichompitia. Kauli hiyohiyo hutumika kwa usingizi tunaposema mtu alipitiwa na usingizi. Katika (d) msemaji si kiima tena. Jina ndilo lililoondoka, naye amebaki kuwa kiambishi cha yambwa -ni- ndani ya kitenzi.

Mtu anaweza kudai kwamba (c) na (d) ni njia za kukwepa lawama, na wakati mwingine ndivyo. Hata hivyo, maelezo yafuatayo yataonyesha kwamba sentensi hizo zinaeleza kwa usahihi mkubwa jambo linalotokea akilini.

Usahaulifu tunaouzungumzia hapa ni ule wa kila siku: kuingia chumbani na kutojua ulichokifuata, kusoma ukurasa mzima bila kushika neno, kusahau jina la mtu aliyejitambulisha punde tu, kuacha ufunguo mlangoni. Hatuzungumzii maradhi ya kupoteza kumbukumbu.

3.0 JINSI WASIWASI UNAVYOSAHAULISHA

3.1 Nafasi ndogo ya akili

Mwaka 1974 Alan Baddeley na Graham Hitch walitoa nadharia ya kumbukumbu tendaji. Kwa mujibu wao, akili ina sehemu inayoshikilia mambo machache kwa muda mfupi tunapoyafanyia kazi, kama vile kukumbuka mwanzo wa sentensi tunapoendelea kuisoma. Sehemu hiyo ina msimamizi mkuu anayegawa makini, na ina wasaidizi. Mmoja wa wasaidizi hao hushughulikia sauti na maneno: ndiye tunayemtumia tunapojirudia rudia nambari ya simu kimoyomoyo hadi tuiandike. Nafasi ya sehemu hii ni finyu. Kinachoingia humo hukibana kilichomo.

Michael Eysenck na Manuel Calvo walitumia nadharia hiyo mwaka 1992 kuueleza wasiwasi. Walisema kwamba mawazo ya wasiwasi huingia katika nafasi hiyo finyu na kuitumia. Wasiwasi ni maneno ambayo mtu hujisemea ndani. Basi hutumia msaidizi yuleyule wa maneno na msimamizi yuleyule wa makini. Hapa ndipo tunapokutana tena na mnong'ono uliomo katika asili ya neno letu. Mwanafunzi anayenong'onezwa ndani kwamba ataanguka hana sauti nyingine ya ndani ya kujikumbusha, "Chukua kitambulisho." Waswahili walikwisha kusema: mshika mbili, moja humponyoka.

Mwaka 2007 Eysenck, pamoja na Nazanin Derakshan, Rita Santos na Calvo, waliipanua nadharia hiyo. Walieleza kwamba wasiwasi hudhoofisha uwezo wa mtu wa kuielekeza akili kule anakotaka, na kuiacha ivutwe zaidi na vitu vinavyoitisha. Mwenye wasiwasi si kwamba hana makini. Makini yake imo kazini, ikilinda mlango ambao pengine hakuna adui anayeujia.

3.2 Kusahau au kutojua?

Inafaa tutofautishe mambo mawili yanayochanganywa. Kuna jambo lililoingia akilini kisha likakosa kupatikana, kama jibu linalomtoka mwanafunzi katika chumba cha mtihani na kumrudia akiwa njiani kwenda kula. Lakini kuna pia jambo ambalo halikupata kuingia. Anayeweka ufunguo chini huku akiwazia karo hakuuona mkono wake ukiuweka. Baadaye atasema amesahau alipouweka, ilhali kwa kweli hakupata kujua. Sentensi "nimepitiwa" inalieleza jambo hilo vizuri zaidi kuliko "nimesahau".

Tofauti hii ina matokeo ya kiutendaji. Anayekosa kulikumbuka jambo aliloliingiza akilini husaidika kwa utulivu na kwa vidokezo. Ambaye jambo halikumwingia hawezi kusaidika kwa kujilazimisha kukumbuka; anahitaji kubadili namna anavyoliweka jambo tangu mwanzo.

3.3 Je, wasiwasi wote ni mbaya?

Wapo watakaotukumbusha msemo usemao wasiwasi ndio akili. Msemo huo una ukweli. Robert Yerkes na John Dodson walionyesha mwaka 1908, kwa majaribio waliyowafanyia panya, kwamba msisimko wa wastani uliwasaidia kujifunza kazi ngumu kuliko msisimko mkali. Wasomi waliofuata waliipeleka fikra hiyo kwa binadamu. Wasiwasi kidogo humwamsha mwanafunzi adurusu; ukizidi humnyima anachokidurusu.

Aidha, Eysenck na Calvo walisisitiza kwamba mwenye wasiwasi anaweza kupata matokeo sawa na mwenzake, ila kwa jasho zaidi. Alama nzuri zaweza kuficha gharama. Mwanafunzi anayepata alama 70 baada ya kukosa usingizi kwa siku nne, akapoteza ufunguo na kusahau kula, si sawa na aliyepata alama hizohizo akiwa ametulia.

3.4 Kipi kinachotangulia?

Mwaka 1982 Donald Broadbent na wenzake walichapisha hojaji ya makosa ya akili ya kila siku. Ina maswali 25, na kila swali hupewa alama kuanzia 0 hadi 4, hivyo jumla ni kati ya 0 na 100. Mara nyingi tafiti zinazotumia hojaji hiyo hupata kwamba wenye wasiwasi mwingi hujipa alama nyingi za usahaulifu.

Hata hivyo, uhusiano wa vitu viwili hautuambii kipi kimezaa kipi. Yapo maelezo matatu. Kwanza, wasiwasi waweza kuleta usahaulifu, kama tulivyoeleza. Pili, usahaulifu waweza kuleta wasiwasi, kwani anayesahau mara kwa mara huogopa kusahau tena. Tatu, mwenye wasiwasi huenda asisahau kuliko wenzake, ila huyaona na kuyahesabu makosa yake kwa ukali zaidi. Broadbent mwenyewe na wenzake walielekea kuona kwamba alama nyingi za hojaji yao huonyesha mtu anayeathirika upesi anapokumbwa na shinikizo.

Kwa maoni yetu maelezo haya hayapingani. Yanaweza kukaa ndani ya mtu mmoja na kuzunguka kama gurudumu: wasiwasi ukamsahaulisha, usahaulifu ukamletea aibu, na aibu ikamzidishia wasiwasi. Ndiyo maana neno moja la kukemea mlangoni pa ukumbi si jambo dogo. Linalisukuma gurudumu.

4.0 KWA NINI MWAKA WA KWANZA?

4.1 Kengele iliyonyamaza

Wanafunzi wengi wa vyuo vikuu vya Kenya wametoka katika shule za upili za bweni. Huko, siku nzima huendeshwa na kengele. Kengele humwamsha mwanafunzi, humpeleka darasani, humwita mlo, humrudisha kudurusu na kumlaza. Ikinyamaza kengele, yupo kiranja. Asipokuwapo kiranja, yupo mlezi wa bweni. Kwa miaka minne mwanafunzi huyo haitwi msahaulifu, kwa sababu sehemu kubwa ya kumbukumbu yake imewekwa nje ya kichwa chake.

Kisha anafika chuoni. Hakuna kengele. Mhadhara wa Jumatatu uko jengo moja, wa Jumanne jengo jingine, na wa Alhamisi umeahirishwa kwa tangazo lililobandikwa ubaoni. Tarehe ya kuwasilisha kazi ilitajwa mara moja tu mwishoni mwa mhadhara. Nenosiri la tovuti ya chuo, namba ya usajili, namba ya chumba, siku ya kulipa: yote hayo ameachiwa yeye.

Gilles Einstein na Mark McDaniel walichunguza mwaka 1990 kumbukumbu ya mambo ambayo mtu amekusudia kuyafanya baadaye. Katika uwanja huo hutofautishwa kukumbuka kunakoamshwa na kidokezo na kukumbuka kwa kufuata saa. Ukimwona rafiki ukakumbuka kumpa kitabu chake, umesaidiwa na kidokezo. Ukitakiwa kukumbuka mwenyewe, bila kuambiwa, kwamba saa tisa una miadi, kazi hiyo humtegemea zaidi msimamizi wa akili tuliyemtaja. Mwaka wa kwanza humtoa mwanafunzi katika maisha ya vidokezo na kumtia katika maisha ya kujikumbusha, tena wakati uleule ambapo wasiwasi umeikalia nafasi ya kujikumbushia.

Fasihi ya Kiswahili iliwahi kuligusa jambo linalokaribiana na hili. Katika riwaya ya Rosa Mistika (1971), Euphrase Kezilahabi alimchora msichana aliyelindwa kwa ukali na baba yake, ambaye alipoondoka nyumbani hakuwa amepata nafasi ya kujifunza kujiongoza. Mada ya riwaya hiyo ni pana kuliko usahaulifu, lakini funzo moja linatufaa: anayeongozwa na nguvu za nje siku zote hapati mazoezi ya kujiongoza, na si haki kumshangaa anapoyumba siku ya kwanza.

4.2 Usingizi, chakula na karo

Akili huimarisha kumbukumbu wakati wa usingizi. Anayekesha usiku kucha kabla ya mtihani hujinyima mara mbili: hana makini ya kutosha asubuhi, na aliyoyasoma hayakupata muda wa kutulia. Kelele za bweni na kitanda kigeni huongeza tatizo hilo.

Kuhusu fedha, mwanafunzi anayesubiri mkopo wa Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu, iliyoanzishwa mwaka 1995, huku akihesabu sarafu za chakula cha jioni, anafanya hesabu ambayo haimalizikii mkobani. Mwaka 2013 Anandi Mani, Sendhil Mullainathan, Eldar Shafir na Jiaying Zhao walichapisha utafiti kuhusu wakulima wa miwa nchini India. Wakulima walewale walifanya vibaya zaidi katika majaribio ya akili kabla ya mavuno, walipokuwa na dhiki ya fedha, kuliko baada ya mavuno. Akili zao hazikubadilika. Mzigo ndio uliobadilika.

5.0 KWA NINI MWANAFUNZI WA KIKE?

Hapa tunapaswa kuwa waangalifu. Shirika la Afya Duniani linatambua kwamba matatizo ya wasiwasi huwapata wanawake zaidi kuliko wanaume. Lakini mtu asitoke hapo akadai kwamba kumbukumbu ya mwanamke ni dhaifu. Katika majaribio mengi ya kukumbuka maneno na nyuso, wanawake kwa wastani hupata alama za juu kidogo kuliko wanaume. Basi, iwapo mwanafunzi wa kike anasahau kitambulisho, hatuna budi kutafuta sababu mahali pengine badala ya kulaumu maumbile ya kumbukumbu yake.

Sababu moja ni wingi wa mambo anayoyabeba. Mwanafunzi wa kike anayeishi nje ya chuo huanza kuiwazia njia ya kurudi kabla jua halijatua: apitie wapi, aandamane na nani, mhadhara wa jioni utakwisha saa ngapi. Mwenzake wa kiume huenda akaupata mhadhara huo wote. Yeye ameupata nusu, kwani nusu nyingine ameitumia kujilinda. Hilo halionekani katika daftari la mahudhurio.

Sababu ya pili ni majukumu ya nyumbani. Binti mkubwa haachi ubinti wake langoni pa chuo. Hupigiwa simu kuhusu karo ya mdogo wake, ugonjwa wa bibi, au sherehe inayohitaji mchango. Wapo pia walioacha mtoto mchanga kwa mama zao ili wapate kusoma. Hawa hukumbuka mengi mno, na ndiyo sababu machache huwaponyoka.

Sababu ya tatu ni matarajio. Msichana anayetumwa chuoni na kijiji kizima, kwa harambee na maombi, hubeba pia onyo: "Usituaibishe." Kosa lake dogo hulipima kwa mizani hiyo. Ufunguo uliopotea ni ufunguo tu kwa mwingine. Kwake ni dalili kwamba wale waliotilia shaka uwezo wake hawakukosea.

Pamoja na hayo, tusisahau kwamba wavulana wengi hufundishwa kuficha wasiwasi. Hojaji humpima mtu kwa anayokiri. Baadhi ya tofauti tunazoziona baina ya jinsia mbili huenda ni tofauti za kukiri.

6.0 WASIWASI KATIKA DARASA LA KISWAHILI

Sisi wanafunzi wa Kiswahili tuna sehemu yetu katika suala hili. Mwaka 1986 Elaine Horwitz, Michael Horwitz na Joann Cope walitoa kipimo cha kauli 33 cha wasiwasi wa darasa la lugha. Walionyesha kwamba kujifunza lugha kuna wasiwasi wake maalumu, kwani mtu huhukumiwa kwa kila neno analolitoa. Walishughulikia lugha za kigeni, na Kiswahili si kigeni kwetu. Hata hivyo, mwanafunzi wengi wamelelewa kwa lugha nyingine za nyumbani, huzungumza Sheng na marafiki, na husimama mbele ya darasa kutumia Kiswahili sanifu ambacho kila kosa lake lina shahidi.

Tuchukue mwanafunzi anayewasilisha kazi kuhusu tamathali za usemi. Anajua mada yake. Lakini akisimama, sehemu ya akili yake huchunga upatanisho wa kisarufi, sehemu huchunga matamshi ya r na l, na sehemu husikiliza iwapo kuna anayecheka nyuma. Nafasi iliyobaki kwa hoja ni finyu. Anasema "kitabu yangu", anasikia kicheko, na hoja yote inamtoka. Darasa litasema hakujitayarisha. Ukweli ni kwamba ngeli ya KI-VI anaijua barabara; alichokikosa ni nafasi ya kuitumia.

Msahihishaji mwema husubiri sentensi iishe. Anayelikatiza neno la mwanafunzi ili kulisahihisha huenda akaokoa kiambishi kimoja na kupoteza hoja nzima.

7.0 MAPENDEKEZO

7.1 Kwa mwanafunzi

Kwanza, usiitegemee akili peke yake. Mali bila daftari hupotea bila habari. Andika tarehe ya kazi papo hapo inapotajwa, mahali pamoja tu, katika kijitabu au katika simu. Kengele ya simu ndiyo kengele yako ya bweni sasa. Itumie bila haya.

Pili, vipe vitu makao. Ufunguo, kitambulisho na kadi ya mtihani viwe na mahali pamoja visipohama. Kitu kinachokaa mahali pamoja hakihitaji kukumbukwa.

Tatu, funga nia kwa kidokezo. Peter Gollwitzer alieleza mwaka 1999 kwamba mtu hutimiza nia zaidi akiipanga kwa umbo la "likitokea hili, nitafanya lile". Badala ya kusema "nitampigia mama kesho", sema "nikimaliza chakula cha jioni, kabla ya kuosha sahani, nitampigia mama". Umegeuza kazi ya saa kuwa kazi ya kidokezo.

Nne, uandike wasiwasi wenyewe. Wasiwasi ulioandikwa hupungukiwa na nguvu ya kunong'ona, na wakati mwingine hugeuka kuwa orodha ya mambo yanayoweza kufanywa.

Tano, lala.

Sita, tafuta msaada mapema. Iwapo wasiwasi umedumu kwa majuma kadhaa, unakunyima usingizi na chakula, au unakufanya ukwepe mihadhara, nenda katika ofisi ya ushauri nasaha. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Mwone daktari pia, kwani upungufu wa damu na matatizo ya tezi ya shingo huweza kuleta uchovu na usahaulifu unaofanana na huu.

7.2 Kwa wahadhiri na viongozi wa vyama

Tarehe na maagizo yaandikwe, yasitajwe kwa mdomo tu. Majuma ya kwanza yawe na kazi ndogo zenye vikumbusho, na vikumbusho hivyo vipunguzwe polepole kadiri muhula unavyosonga. Chama cha wanafunzi kinaweza kumpa kila mwanafunzi mpya dada au kaka wa mwaka wa pili au wa tatu wa kumwuliza maswali madogo, maana kuuliza si ujinga. Na anayesimamia mtihani akumbuke kwamba anaweza kutekeleza kanuni bila kudhalilisha. "Rudi ukakilete, tutakuwekea karatasi yako" ni sentensi fupi kama ile ya kukemea.

8.0 HITIMISHO

Tulianza na swali: akili ya mwanafunzi huyu iko wapi? Jibu letu ni kwamba iko nyumbani kwa mama anayesubiri simu, iko njiani kuelekea chumba alichopanga, iko katika mkoba usio na karo, na iko tayari ndani ya ukumbi, ikijibu maswali ambayo hayajaulizwa. Imekwenda kila mahali isipokuwa kitandani pale kitambulisho kilipo. Huko hakukuwa na tishio, basi haikutumwa huko.

Kusahau kwa namna hii hakuondoi wajibu. Kazi isiyowasilishwa haijawasilishwa, na kanuni za mtihani zinawahusu wote. Lakini tukijua chanzo cha kosa tutalirekebisha ipasavyo: tutampunguzia mwanafunzi mzigo pale tunapoweza, na tutamfunza kuubeba pale tusipoweza. Tunawahimiza wanafunzi wenzetu wa Kiswahili waliendeleze suala hili kwa utafiti wa nyanjani katika vyuo vyao, kwa hojaji zilizoandikwa kwa Kiswahili chenyewe. Lugha inayotofautisha aliyesahau, aliyeghafilika na aliyepitiwa ina uwezo wa kuuliza maswali ambayo hojaji zilizotafsiriwa hazijayauliza.